“Kumekuwepo na changamoto za umeme”: je, ni lazima niandike hivyo?

“Shikamoo mhandisi. Mimi ni binti wa miaka 26, nina miezi saba tangu niajiriwe kama ofisa utawala katika kiwanda cha kukamua alizeti, Singida. Bosi amenipa kazi ya kuandaa maoni ya kiwanda kuhusu huduma ya umeme ili tuyapeleke kwa wahusika. Niliandika: ‘Mwezi uliopita umeme ulikatika mara 11, na kila mara mashine zilisimama na mashudu ndani.’ Bosi akafuta kwa kalamu nyekundu, akaandika juu yake: ‘Kumekuwepo na changamoto katika upatikanaji wa nishati ya umeme, hali inayoathiri utekelezaji wa shughuli za uzalishaji.’ Anasema hiyo ndiyo lugha ya serikali. Nikisoma nyaraka za umeme nazo sielewi kitu: mahitaji ya mapato, upembuzi yakinifu, SAIDI, KVA. Wenzangu wananiambia nisijisumbue, eti EWURA na TANESCO ni kitu kimoja na bei hupangwa na wanasiasa. Halafu kama Bwawa la Nyerere lina mitambo yote ile, kwa nini umeme ukatike? Nimwandikie nani, na niandikeje?”

Marahaba, binti yangu. Swali lako limebeba mambo mawili yaliyoshikana, lugha na mamlaka, ndiyo maana linakuchanganya. Unahofia kwamba ukiandika wazi utaonekana hujaijua kazi, na ukiandika kama bosi anavyotaka, barua itapita mikononi mwa watu kumi bila hata mmoja kusimama. Niseme mapema: sentensi yako ya kwanza ilikuwa nzuri kuliko ya bosi. Ilikuwa na idadi, ilikuwa na mashine, ilikuwa na mashudu. Lakini bosi naye hakukosea kila kitu, na nitakuonyesha wapi alikuwa na hoja.

Tuanze na lugha. Maneno magumu ya ofisini ni ya aina mbili, na ukishajua kuyatenganisha nusu ya kazi imekwisha. Aina ya kwanza ni istilahi za kazi. Chukua “upembuzi yakinifu”. Wengi huliona pambo la hotuba, kumbe linakwambia mradi umefika wapi: watu bado wanachunguza kama unawezekana na kama unalipa. Baada ya hapo huja usanifu wa kina, kisha manunuzi ya kumpata mkandarasi, kisha ujenzi, mwisho majaribio. Ukisoma kwamba njia mpya ya umeme ya wilaya yenu “ipo katika hatua ya upembuzi yakinifu”, msinunue mashine mpya mkiitegemea mwaka huu, maana hata mkandarasi hajatafutwa. Neno la namna hii lishike na ulitumie. Usilibadilishe kwa jingine jepesi.

Aina ya pili ni “changamoto”, “mchakato”, “suala linafanyiwa kazi”. Ndani ya maneno haya hamna kipimo. Changamoto inaweza kuwa nguzo iliyooza, transfoma iliyozidiwa, tawi la mti juu ya waya au bili ambayo haijalipwa, na kila moja ina mtu wake wa kuishughulikia. Sarufi yetu yenyewe inaurahisisha ufichaji huu. “Linafanyiwa kazi”: na nani? Kauli ya kutendwa inakuruhusu kuandika sentensi iliyokamilika kabisa huku mtu aliyepaswa kuifanya kazi hayumo. Ongeza majina ya “-aji” yaliyofungwa kama mabehewa, “utekelezaji wa uboreshaji wa usambazaji”, na kitenzi nacho kimetoweka. Nikipokea sentensi ya aina hiyo huiuliza nani, lini na kiasi gani. Ikinyamaza kwa yote matatu, naandika barua fupi ya kuomba majibu ya hayo tu.

Tazama sasa sentensi ya bosi kwa jicho la ofisa wa Dodoma ambaye hajawahi kufika kiwandani kwenu. “Changamoto katika upatikanaji wa nishati ya umeme.” Anaweza kudhani mmeomba kuunganishiwa na hamjaunganishwa. Anaweza kudhani umeme upo ila ni hafifu. Anaweza kudhani mnalalamikia bei. Kati ya tafsiri zote hizo, ile ya mashine kusimama mara 11 ndiyo ya mwisho kumjia.

Twende kwenye mamlaka. EWURA na TANESCO si kitu kimoja. TANESCO ni shirika la umma: linazalisha umeme, linausafirisha na kuusambaza, na mwenye nalo ni serikali. EWURA ni mdhibiti wa Tanzania Bara. Iliundwa kwa sheria ya 2001, ikaanza kazi 2006, na mbali na umeme inadhibiti pia mafuta, gesi asilia na maji. Haina nguzo wala transfoma. Kwenye umeme, kazi yake ni kutoa leseni, kuchambua na kuidhinisha bei, kufuatilia ubora wa huduma na kusikiliza malalamiko. Wizara ya Nishati hutunga sera. REA, yaani Wakala wa Nishati Vijijini, iliyotokana na Sheria ya Nishati Vijijini ya 2005, hugharimia kupeleka umeme vijijini. Zanzibar wana mdhibiti wao, ZURA, na Kenya wana EPRA.

Ukitaka ushahidi wa karibu, chukua risiti ya LUKU ya nyumbani kwako. Pamoja na VAT utaona asilimia 3 ya REA na asilimia 1 ya EWURA. Hiyo moja inatoka mfukoni mwako kila ununuapo uniti. Unapomwandikia mdhibiti, basi, huombi hisani.

Hoja ya wenzako kuhusu wanasiasa haikutoka hewani. Mwishoni mwa 2016 TANESCO iliomba kupandisha bei kwa asilimia 18.19. EWURA ikalichambua ombi, ikaidhinisha asilimia 8.53 kuanzia 1 Januari 2017. Kabla bei mpya haijaanza kutumika, Profesa Sospeter Muhongo, aliyekuwa Waziri wa Nishati na Madini, akaisimamisha, na siku ya mwaka mpya Rais John Magufuli akatengua uteuzi wa mkurugenzi mtendaji wa TANESCO. Siasa ipo, na atakayekuambia haipo hakutendei haki. Lakini zirudie tarakimu hizo. Kati ya 18.19 na 8.53 kuna karibu asilimia kumi zilizoondolewa mezani kabla waziri hajasema neno. Mapema mwaka huohuo, agizo la bei la Aprili 2016 lilikuwa limefuta tozo ya huduma ya shilingi 5,520 kwa mwezi kwa wateja wa T1, kundi la matumizi ya kawaida lenye nyumba na biashara ndogo. Kazi ya mdhibiti ilikuwepo kabla ya siasa kuingia, na ndiko maoni yenu yanakoweza kupenya.

Mlango wa kupenyea unaitwa taftishi, yaani kikao cha wazi ambamo mwombaji wa bei anaeleza hesabu zake na yeyote anaweza kuzihoji. Humo ndimo utakapokutana na “mahitaji ya mapato”. Maana yake ni jumla ya fedha ambazo shirika linasema linazihitaji ili lijiendeshe: gesi na mafuta ya mitambo, umeme linaonunua kwa wazalishaji wengine, mishahara, matengenezo, uchakavu wa mali, riba za mikopo. Jumla hiyo ikigawanywa kwa uniti zinazotarajiwa kuuzwa, unapata bei ya wastani. Ndiyo maana mtu akisimama kwenye taftishi na kusema “bei ni kubwa” anapigiwa makofi na hakuna kinachobadilika. Anayeuliza kwa nini makadirio ya umeme unaopotea njiani yako pale yalipo, au kwa nini matengenezo ya laini ya mkoa wake hayamo kwenye mpango, huyo ni lazima ajibiwe, na jibu lake linabaki kwenye kumbukumbu.

Sasa swali la bwawa, ambalo naliona la haki kabisa. Bwawa la Julius Nyerere, kwenye Mto Rufiji, lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Mtambo wa kwanza uliingia kwenye gridi Februari 2024, na Machi umeme ulizidi mahitaji hadi vituo vitano vya umeme wa maji vikazimwa. Mtu akisikia hayo, kisha taa zake zikazima, anahisi anadanganywa. Tatizo ni kwamba tumezoea kuufikiria umeme kama mahindi: yakiwa mengi ghalani, njaa haipo. Umeme wa gridi yetu hauna ghala. Unazalishwa na kutumika sekunde ileile.

Fikiria mkokoteni wenye magunia ya alizeti unapandishwa mlima na vijana tisa, kwa mwendo ambao haupaswi kubadilika. Mwendo huo ndio ule tunaouita hezi 50. Kijana mmoja akiteleza, mwendo unashuka papo hapo. Waliobaki wakiwa na nguvu ya akiba wanakaza, na safari inaendelea. Wasipokuwa nayo, inabidi magunia kadhaa yatupwe chini upesi, maana wakichelewa mkokoteni utawarudia wote. Kwenye gridi, kutupa magunia ni kazi ya vifaa vinavyopima hezi na kukata baadhi ya laini ndani ya sekunde chache, bila kumuuliza mtu. Fida yenu, yaani laini inayowaletea umeme, ikiwa miongoni mwa magunia hayo, mtakaa gizani kwa muda ili nchi nzima isilale gizani. Tena kijana akiwa na nguvu nyingi, kuteleza kwake kunatikisa zaidi, kwa hiyo mtambo mmoja mkubwa ukitripu ghafla pengo lake ni kubwa. Usiku wa 25 Agosti 2023 karibu Kenya yote ilizima, hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, ilhali uwezo wa mitambo yao ulikuwa unazidi mahitaji ya juu ya nchi. Kuwa na mitambo ya kutosha na kuwa na gridi tulivu ni mambo mawili tofauti.

Kuna na suala la safari. Waya hupata joto umeme unapopita, na joto hilo ni umeme uliopotea. Mkondo ukiongezeka mara mbili, upotevu huongezeka mara nne. Ndiyo maana husafirishwa kwa msongo mkubwa, yaani volti nyingi: msongo ukipanda, mkondo unapungua kwa kazi ileile. Kutoka bwawani hadi Chalinze kuna njia ya kilovolti 400, na mkoa wenu una bahati ya kupitiwa na njia kuu ya Iringa hadi Shinyanga. Kaskazini ni habari nyingine. Machi 2025, akiwa Kilimanjaro, Rais Samia Suluhu Hassan alieleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya huko, kwa sababu umeme unaotoka mbali unapotea sana njiani. Watu wengi walishangaa: tuna bwawa, tunanunua nje? Lakini nchi inaweza kuwa na ziada huku mkoa mmoja una upungufu, bila mtu yeyote kusema uongo. Waulize waliokuwa Unguja: Desemba 2009 kebo ya chini ya bahari kutoka Bara iliharibika, na kisiwa kikakaa gizani miezi mitatu.

Hata hivyo, kwa kiwanda kama chenu mimi ningetazama karibu zaidi kabla ya kulitaja bwawa. Kukatika kwingi kwa umeme wa mteja wa kawaida hutokea kwenye usambazaji: laini ya kilovolti 33 inayovuka mashamba, nguzo, vikombe vinavyoshikilia waya, transfoma yenu. Nyakati zenyewe zitakuambia mengi. Umeme ukikatika mara kwa mara kati ya saa 12 jioni na saa 3 usiku, shuku kwamba laini au transfoma inazidiwa. Ukikatika upepo unapovuma, shuku miti. Ukizima na kurudi baada ya sekunde, huenda ni breka ya laini inayotripu na kujirudisha. Nilipoanza kazi, mzee mmoja wa zamu alinikataza kuandika sababu kwenye daftari kabla sijaandika dakika. Nilimwona mkali bure. Baada ya miaka michache nikamwelewa: sababu watu hubishana, dakika hawabishani.

Hapo ndipo SAIDI inapoingia. Ni wastani wa saa ambazo mteja mmoja alikaa bila umeme katika kipindi fulani; ndugu yake SAIFI ni wastani wa mara alizokatiwa. Vipimo hivi ni vya kweli na mdhibiti anavihitaji, lakini wastani unaweza kukumeza. Tuseme wilaya ina wateja 20,000. Wateja 500 wa fida moja wamekaa gizani saa 40, wengine wote saa 2. Fanya hesabu: wastani wa wilaya ni chini kidogo ya saa 3. Ripoti itasema saa 3, nanyi wa fida ile mtaona mmetukanwa. Msiikatae ripoti. Ombeni takwimu za fida yenu peke yake.

KVA nayo, kipimo cha ukubwa wa mzigo mnaouweka kwenye laini, haina uchawi. Mteja mkubwa hulipia uniti alizotumia, na hulipia pia kilele chake cha matumizi, kwa sababu transfoma na waya lazima viweze kubeba kilele hicho hata kama kilidumu muda mfupi. Katika agizo la 2016, mteja wa T2, kundi la wateja wa kati, alipangiwa shilingi 195 kwa uniti na juu yake shilingi 15,004 kwa kila KVA ya kilele cha mwezi. Kilele cha KVA 100 kilikuwa shilingi 1,500,400 kabla ya uniti hata moja. Kipimo huchukua wastani wa dakika kadhaa, kwa hiyo mshtuko wa sekunde chache wa kuwasha mota haukuumizi sana. Kinachoumiza ni mashine zote kufanya kazi kwa pamoja. Mota pia huazima mkondo na kuurudisha bila kuufanyia kazi, na mkondo huo nao unahesabiwa kwenye KVA. Vifaa viitwavyo kapasita, vikipimwa vizuri, hupunguza hilo. Mwambie bosi kwamba sehemu hii ya bili iko mikononi mwake, haihitaji barua kwa mtu yeyote.

Umwandikie nani? Anza na ofisi ya TANESCO ya wilaya, kwa maandishi, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Wao ndio wenye laini, na mara nyingi meneja wa wilaya akipata tarehe na saa anaweza kumtuma fundi. Msiporidhika na jibu, au likikosekana, pelekeni lalamiko EWURA mkiambatanisha barua hiyo. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji, linalojulikana kama EWURA CCC, lipo kwa ajili ya kumsaidia na kumsemea mtumiaji, na ndilo ningelianzia kama ndiyo mara yako ya kwanza. Asiyeridhika na uamuzi wa EWURA anakata rufaa kwenye Baraza la Ushindani. Kumwandikia waziri moja kwa moja kunaweza kuleta gari la mafundi kesho asubuhi, sikatai. Lakini tatizo likirudi mwezi ujao hutakuwa na uamuzi wowote wa maandishi wa kuushika. Mimi ningepita njia ndefu, na waziri ningempa nakala tu.

Kuhusu bosi, usishindane naye. Hapa ndipo ana hoja: barua ya ofisi ina adabu zake. “Kumb. Na.”, “Yah”, “husika na mada tajwa hapo juu”, viache vyote, maana mpokeaji huvitafuta na visipokuwepo barua inaweza kukaa masjala. Hata sentensi yake ya kwanza iache kama utangulizi. Kisha, aya ya pili, weka yako, mathubuti zaidi: “Kati ya tarehe 1 na 30, umeme ulikatika mara 11, jumla saa 19 na dakika 40. Mara 7 kati ya hizo zilikuwa baada ya saa 12 jioni. Kila mashine ya kukamua inaposimama na mzigo, mashudu hukauka ndani na kuisafisha huchukua dakika 45. Tunaomba kujua kama kukatika huku kumetokana na laini ya kilovolti 33 au transfoma yetu, nani atafanya ukaguzi, na lini.” Tarakimu weka zenu za kweli. Mpelekee bosi ukimwambia: “Bosi, utangulizi ni wako, mimi nimeongeza ushahidi.” Sijaona bosi anayefuta ushahidi unaomsaidia.

Kuna mambo ambayo barua haiyawezi. Waya ukianguka, mtu akipigwa shoti akigusa mashine, au kukawa na harufu ya kuungua kwenye boksi la umeme, kaeni mbali na mpige simu TANESCO, namba 180, saa hiyohiyo. Taa zikiwaka hafifu upande mmoja wa kiwanda huku mota zikiunguruma bila kuzunguka vizuri, huenda fezi moja, yaani mmoja wa nyaya tatu zinazoleta umeme kiwandani, imekosekana. Zimeni mota mara moja, zitaungua. Muiteni fundi mwenye leseni ya EWURA, na mwombeni aeleze kama mna kifaa cha kuzima mota fezi inapopungua. Kwa kapasita na kilele cha KVA, mlipeni mhandisi aliyesajiliwa aje apime kwa siku kadhaa kiwanda kikiwa kazini. Hata mimi siwezi kukukadiria nikiwa hapa nilipo.

Daftari la kukatika kwa umeme lianze leo. Safu nne zinatosha: saa ulipokatika, saa uliporudi, mashine zilizokuwa zikifanya kazi, na tarakimu zinazosomeka kwenye mita wakati huo. Na mlinzi wa usiku mpe lake, mfundishe kuandika saa kabla hajaenda kuwasha jenereta.